Jinsi nilivyokompaili Vim na kuifunza Kiswahili

Leo ningependa tuzungumzie jambo ambalo watumiaji wengi wa Linux huliogopa bure: kuchukua msimbo chanzo wa programu na kuijenga wewe mwenyewe, badala ya kuletewa ikiwa tayari. Programu niliyoichagua ni Vim, kihariri cha matini ambacho nimekitumia kazini kwa miaka mingi. Nitaonyesha hatua zote, kisha nitaeleza kwa nini nilijisumbua hivyo ilhali amri moja ya apt ingenipa Vim kwa dakika moja. Sababu yenyewe ni sentensi ya maneno matano tu, na inawahusu majirani zetu wa Uganda.

Kwa asiyeijua Vim, asili yake ni kihariri kilichoitwa vi, ambacho Bill Joy alikiandika mwaka 1976 alipokuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1988 Mholanzi mmoja, Bram Moolenaar, alinunua kompyuta aina ya Amiga na akataka kutumia vi ndani yake. Alichukua kihariri kidogo kilichoitwa Stevie, akakirekebisha na kukiongeza hadi mwaka 1991 alipokitoa kwa umma. Herufi za jina Vim mwanzoni zilimaanisha mwigo wa Vi. Baadaye, mwigo ulipoupita ule wa asili, zikabadilishwa maana kuwa Vi iliyoboreshwa. Bram aliendelea kuitunza programu hiyo kwa zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki tarehe 3 Agosti 2023.

Ni mwezi huo huo wa Agosti 2023 nilipoamua kuufungua msimbo wake na kuusoma kwa macho yangu. Wakati huo Vim ilikuwa katika toleo la 9.0. Hatua ninazozieleza hapa ndizo nilizozifuata, na kwa matoleo ya baadaye njia ni ile ile, ingawa namba za mistari na majina ya folda yanaweza kutofautiana.

Kwanza: vifaa

Ukiweka Ubuntu au Debian, mara nyingi utakuta tayari kuna Vim ndogo iitwayo vim-tiny. Hiyo imepunguzwa sana ili isichukue nafasi. Haina rangi za kutofautisha sehemu za msimbo, na haielewi lugha ya Vim yenyewe ya kuandikia programu ndogo ndogo. Sisi tunataka Vim kamili. Fungua teminali uandike:

sudo apt-get update
sudo apt-get install git build-essential libncurses-dev gettext

Git ndiyo itakayopakua msimbo. Kifurushi cha build-essential kinaleta gcc, ambayo ni kompaila, pamoja na make, ambayo ni msimamizi wa kazi. Libncurses ni maktaba inayoiwezesha programu kuchora maandishi mahali popote ndani ya teminali. Gettext ni ya kushughulikia tafsiri. Hiyo ya mwisho wengi huiacha, lakini leo ndiyo tunayoihitaji kuliko zote.

Pili: kupakua msimbo

git clone --depth 1 https://github.com/vim/vim.git
cd vim/src

Zingatia maneno --depth 1. Yanaiambia git ilete hali ya mwisho ya msimbo peke yake, bila historia yote ya viraka ambayo katika hazina hii inaanzia Juni 2004. Kama unatumia bando la simu kupakua, usiyaache.

Sasa una msimbo chanzo mkononi. Maana yake nini? Una zaidi ya faili 100 zilizoandikwa kwa lugha ya C, ambazo mtu anaweza kuzisoma kama anavyosoma barua. Prosesa ya kompyuta haiwezi kuzisoma. Kazi ya kompaila ni kuzigeuza kuwa maagizo ya prosesa. Kwa kawaida sisi hupewa yale maagizo yaliyokwisha kugeuzwa, na hapo binadamu ndiye asiyeweza kusoma. Anayekompaili mwenyewe anakaa upande ule ambako maneno bado ni maneno.

Tatu: kujenga

./configure --prefix=$HOME/.local --with-features=huge --with-compiledby="Jina lako"
make
make test
make install

Amri ya kwanza, configure, ni kama fundi anayekagua kiwanja kabla ya kuchimba msingi. Inauliza: je, kuna kompaila? Maktaba ya teminali ipo? Gettext inafanya kazi? Majibu inayaandika katika faili za config.h na config.mk ndani ya folda ya auto. Kama libncurses haipo, itasimama na kukuambia kifurushi unachokosa. Kwa hiyo ukiona kosa, usifunge teminali kwa hasira. Soma mistari ya mwisho, mara nyingi dawa imeandikwa pale pale.

Maneno ya --prefix=$HOME/.local yanasema Vim yetu iwekwe ndani ya folda yako ya nyumbani. Faida yake ni mbili: huhitaji sudo wakati wa kuiweka, na Vim iliyokuja na mfumo haiguswi. Ukichoka na hii yako, ifute na maisha yaendelee.

Amri ya make inasoma maelekezo katika Makefile, inamkabidhi gcc faili moja moja, na matokeo ya kila faili yanawekwa katika folda ya objects. Mwisho vipande vyote vinaunganishwa kuwa programu moja. Uzuri wa make ni kwamba hutazama saa za faili. Ukibadilisha faili moja na kuita make tena, itakompaili sehemu iliyoguswa tu. Kama kipakatalishi chako kina prosesa yenye viini vinne, andika make -j4 ili vipande vinne vishughulikiwe kwa wakati mmoja. Amri ya make test huendesha majaribio, na utaona skrini ikipepesa kwa muda. Usishtuke.

Baada ya make install, hakikisha kwamba ~/.local/bin iko katika PATH yako (kwenye Ubuntu, kutoka na kuingia tena kwa kawaida hutosha), kisha andika vim --version. Utaona orodha ndefu ya uwezo, kila mmoja ukiwa na alama ya kujumlisha kama umo na ya kutoa kama haumo. Mahali fulani utaona pia jina la aliyekompaili. Ni jina lako.

Ile sentensi

Ukiifungua Vim ya 9.0 bila kuipa faili, katikati ya skrini hutokea salamu: jina la programu, toleo, jina la Bram, na mara nyingi mstari huu: Help poor children in Uganda! Watumiaji wa Vim duniani kote wanaujua mstari huo. Mimi nilikuwa nauona karibu kila siku, na sikuwa nimejua unatoka wapi. Ndani ya folda ya src nikaandika:

grep -n Uganda version.c

Ukatokea. Ulikuwa pale kama mstari mwingine wowote wa C, umezungushiwa alama N_ na mabano. Alama hiyo inaiambia gettext kwamba maneno haya ni ya kutafsiriwa. Chini kidogo kulikuwa na hesabu iliyonichekesha: Vim ilikuwa inatazama saa ya kompyuta, inapima biti mbili za idadi ya sekunde, kisha inaamua ionyeshe ujumbe gani. Ukipiga hesabu, nusu ya nyakati unaletewa watoto wa Uganda. Robo unaombwa kudhamini kazi ya Vim, na robo iliyobaki unaombwa kujiandikisha kama mtumiaji.

Na Uganda imeingiaje? Andika :help uganda ndani ya Vim na utasoma mwenyewe. Mwaka 1994 Bram alikwenda Kibaale kujitolea kama mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto, akakaa karibu mwaka mzima. Kibaale hii ni mji mdogo katika eneo la Rakai, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Isichanganywe na wilaya ya Kibaale iliyo magharibi. Rakai ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Uganda walikotambuliwa mwaka 1982, na watoto wengi wa huko walibaki bila wazazi. Aliporudi Uholanzi, Bram aliifanya Vim kuwa programu ya hisani: itumie bure, inakili upendavyo, na ukiipenda, changia watoto wa Kibaale kupitia shirika la ICCF Holland.

Sasa nieleze kilichonikera. Kwa msomaji wa Amsterdam, sentensi ile ni wito kuhusu mahali pa mbali. Kwangu mimi Uganda si mbali. Basi la jioni kutoka Nairobi linafika Kampala asubuhi. Nimefanya kazi na Waganda, na wengine ni waandishi wa programu wazuri kunishinda. Kijana mmoja aliyekuja kwetu kujifunza kazi aliisoma salamu ile begani mwangu akasema, “Kaka, si una msimbo? Futa huo mstari tu.”

Na kweli ningeweza. Kufuta mstari mmoja, kuita make, sekunde chache, kwisha. Hakuna ambaye angenizuia nyumbani kwangu. Leseni ya Vim inaruhusu mabadiliko. Inachodai ni kwamba ukisambaza Vim uliyoibadilisha, mtumiaji aone katika salamu na katika :version kwamba imebadilishwa. Kwa ajili hiyo configure ina chaguo la --with-modified-by. Leseni inataka pia matini yake yenyewe yabaki, na moja ya njia inazotoa ni kumpa mtunzaji wa Vim mabadiliko yako akiyahitaji.

Lakini kufuta kungekuwa kumnyamazisha mtu aliyekwenda Rakai akafanya kazi ya maji kwa mikono yake, eti kwa sababu maneno yake yananikwaruza sikio. Nikaona kuna kazi bora kuliko kufuta. Niliangalia folda ya src/po, mahali pa tafsiri. Nikakuta Kiafrikana, Kijapani, Kiairishi, hata Kiesperanto. Kiswahili sikukiona.

Nne: kuifunza Kiswahili

Hatuanzi kwenye jangwa tupu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Waliofanya kazi ile walithibitisha kwamba inawezekana. Njia kwa upande wa Vim ni hii:

cd po
make vim.pot
msginit -l sw -i vim.pot -o sw.po

Faili ya vim.pot ni orodha ya maneno yote ya kutafsiriwa yaliyookotwa kutoka katika msimbo, zaidi ya elfu moja. Faili ya sw.po ni nakala yake ya Kiswahili, na kila ujumbe una mistari miwili kama hivi:

msgid "Help poor children in Uganda!"
msgstr ""

Wewe unajaza ndani ya zile alama za nukuu za pili. Usipojaza, Vim inabaki na Kiingereza kwa ujumbe huo, kwa hiyo huhitaji kumaliza zote ndipo uone matunda. Mimi nilianza na zile ninazokutana nazo kila siku.

Nyingine zilikuwa nyepesi. Ukitaka kutoka bila kuhifadhi, Vim inakukemea kwa kosa la E37. Nikaandika: Mabadiliko hayajahifadhiwa (weka ! kulazimisha). Nyingine zilinifundisha kitu. Kwa Kiingereza, Vim hutumia neno moja la kuandika kwa maana ya kupeleka faili kwenye diski. Nikilifuata, nitaandika imeandikwa. Lakini hali ile ya kupiga chapa, inayoonyeshwa chini kwa -- INSERT --, kwa Kiswahili hasa ndiyo ya kuandika. Nikagawanya: chini ya skrini iwe -- ANDIKA --, na faili ikienda kwenye diski iwe imehifadhiwa. Mtu mgeni ataelewa bila kufundishwa.

Umoja na wingi nao ulikuwa na mambo yake. Kiingereza kinaongeza herufi moja mwishoni, basi. Kwetu sentensi nzima inahama: Mstari 1 umepungua, Mistari 5 imepungua. Bahati nzuri gettext inatoa nafasi mbili za sentensi nzima, ya umoja na ya wingi, kwa hiyo upatanisho wa ngeli haukunisumbua. La muhimu ni kutogusa alama kama %ld na %s, ambazo Vim hujaza namba au neno mahali pake. Ukizichanganya, amri ya msgfmt -c itakukamata kabla hujaharibu kitu.

Kisha nikafika kwenye ile sentensi ya Uganda, na hapo nikakwama jioni nzima.

Jaribio la kwanza lilikuwa: Wasaidie watoto maskini wa Uganda! Neno kwa neno, sahihi. Nikampelekea shangazi yangu kwa simu. Amefundisha Kiswahili shule ya upili kwa miaka mingi na hajui Vim ni nini. Akanipigia.

“Mwanangu, hapa anayesema ni nani?”

“Ni programu ya kompyuta, Shangazi.”

“Programu haina mfuko. Kuna mtu anasema, na kuna anayeambiwa. Wasaidie, unamwamuru mmoja. Wasaidieni, umepanda jukwaani. Wewe umesimama wapi?”

Sikuwa na jibu la haraka. Kiingereza kinakuruhusu kuficha hilo, maana kitenzi hakisemi ni wewe, ni nyinyi au ni sisi. Kiswahili kinakudai. Kabla hujaandika neno la kwanza, lazima uamue msemaji amesimama wapi na ana uhusiano gani na anayeambiwa.

Kuhusu neno maskini alikuwa na la kusema pia. “Maskini ni neno la kumhurumia mtu. Ukisikia habari mbaya unasema, maskini! Sasa umewabandika hao watoto kabla hata hujataja wanahitaji nini. Sema wenye uhitaji. Uhitaji unaondoka.”

Niliporudi kwenye faili niliandika: Tuwasaidie watoto wenye uhitaji wa Uganda! Nikaisoma tena nikaona sasa Uganda imekaa vibaya, kama kwamba uhitaji ndio wa Uganda. Nikageuza: Tuwasaidie watoto wa Uganda wenye uhitaji!

Je, ni tafsiri ya haki? Nimeliwaza sana hilo. Bram hakuandika tuwasaidie. Lakini alikwenda mwenyewe, akakaa, akafanya kazi, kisha akawaomba wengine wamfuate. Mtu wa namna hiyo akisema kwa Kiswahili, sioni akisimama nje ya sentensi. Kwa hiyo ile tu- haimsingizii. Tatizo ni kwamba inanihusisha na mimi pia. Nikiikompaili na jina langu likakaa katika :version, nimesema tuwasaidie, na shangazi angeniuliza: je, wewe umesaidia? Nilituma mchango wangu kwanza, kiasi cha uwezo wangu, ndipo nikahifadhi faili.

Tano: kuona matokeo

D=$HOME/.local/share/vim/vim90/lang/sw/LC_MESSAGES
mkdir -p $D
msgfmt -c -o $D/vim.mo sw.po
LANGUAGE=sw vim

Katika toleo jingine, vim90 itabadilika kufuata namba ya toleo. Kama bado unaona Kiingereza, andika locale. Ikikuambia mfumo wako unatumia C, gettext haitajali ombi lako la Kiswahili. Washa lugha kwa sudo locale-gen sw_KE (au sw_TZ kwa ndugu zetu wa Tanzania), kisha weka LANG=sw_KE unapoiita Vim. Na kumbuka saa: ujumbe wa Uganda hauji kila mara. Ukileta mwingine, funga ufungue tena.

Yule kijana alipoiona alisoma kwa sauti, akanyamaza kidogo, akauliza Kibaale ni wapi. Tukafungua ramani. Kabla ya hapo alikuwa ameuona ule mstari wa Kiingereza mara nyingi na hakuwahi kuuliza.

Faili yangu ya sw.po bado haijakamilika. Jumbe nilizotafsiri ni kama themanini hivi, na sitaki kuituma kwa watunzaji wa Vim kabla watu wengine wawili watatu hawajaipitia, hasa wa Pwani na wa Tanzania, maana Kiswahili cha Nairobi si cha kila mtu. Mwenye nafasi anisaidie na zile za makosa. Na kama wewe si mtumiaji wa Vim, chukua programu huria yoyote unayoipenda, pakua msimbo wake, na utafute folda iitwayo po. Ikiwemo sw.po, ikompaili ufurahi. Isipokuwemo, sasa unajua amri.

Haya, kazi kwenu. Wiki ijayo Mungu akipenda tutaona jinsi ya kutengeneza kiraka kwa git na kukituma kwa wenye programu.